Kusokota au kugandisha kwa gundi? Njia nne za kupata uzi kwenye nyuzinyuzi fupi

Kama una gunia la sufi limekaa uvunguni, au mabaki ya pamba kutoka kwa fundi wa magodoro, au yale makombo ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) yanayobaki chini watu wakishamaliza kusokota kamba, na unataka upate uzi wa kufumia kitu, basi najua ulipokwama kwa sababu na mie nilikwama hapo hapo. Unavuta, unasokota, unakatika. Unaongeza msokoto, unakuwa mgumu kama waya na unajikunja wenyewe vifundo vifundo. Ndo hapo mtu anaanza kujiuliza, kwani lazima nisokote, si nipake gundi tu zishikane?

Inawezekana, na viwandani washafanya zamani. Lakini kuna njia zaidi ya moja na kila moja ina mahali pake, kwa hivyo nimeziweka hapa nne ubavu kwa ubavu, zote nimezijaribu kwa mikono yangu hapa Unguja, nyingine nimezijaribu na kina mama wa pwani wanaojua kamba kuliko mie.

Kwanza elewa uzi unashika kwa nini

Chukua utepe wa pamba iliyochambuliwa ambayo haijasokotwa, uvute taratibu, unaachana bila ubishi kwa sababu hakuna kinachozuia nyuzinyuzi kupishana. Ukishausokota, zinazungukana na kubanana, na jambo zuri ni kwamba ukivuta zaidi zinazidi kubanana. Uzi unajikaza wenyewe kwa nguvu ile ile unayoutesa nayo.

Uzi wa gundi si hivyo. Nyuzinyuzi zimelala sambamba, gundi ndo inamshika kila mmoja na jirani yake, ukivuta hakuna kinachozidi kukaza, unashika mpaka pale gundi inaposhindwa halafu unaachia. Tofauti hii moja ishike vizuri maana karibu kila kitu hapo chini kinatoka humo.

Suala la pili ni urefu. Usumba hauna taabu sana, uzi wake mmoja unaweza kufika sentimita 20 na kupita, ndo maana unapotwa kwa viganja vitupu. Pamba ya kawaida ni milimita 25 mpaka 32 hivi. Sufi ni milimita 10 mpaka 35, na juu ya ufupi ina balaa la pili, ina nta na inateleza, na ndani ni tupu kama mrija, imejaa hewa (ndo maana inaelea na zamani ikitiwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini). Kadiri nyuzinyuzi zinavyokuwa fupi ndivyo unavyohitaji msokoto mwingi, na msokoto mwingi unakupa uzi mgumu. Kwa hiyo kwenye fupi sana unajikuta unachagua kati ya uzi mgumu na uzi wa kukatika, na gundi ndo inaingia hapo kama mlango wa tatu.

Nimezipima kwa mambo gani

Nguvu ukiwa mkavu. Unafanyaje ukipata maji. Ulaini na sura yake kwenye kitambaa. Kazi na gharama. Na la mwisho ambalo wengi wanalisahau, unakaaje kwenye hali yetu ya hewa, maana kisiwani kitu chochote kina masika yake, ukungu wake na mende wake. Halafu kwa kila njia nasema inamfaa nani.

Njia ya 1: kusokota

Hii kila mtu anaijua kwa macho hata kama hajawahi kuifanya. Pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, makumbi yanazikwa kwenye mchanga wa maji kupwa na kujaa, yanakaa miezi, yanafukuliwa, yanapondwa mpaka usumba unajitenga, unaanikwa, halafu unapotwa kwa viganja. Kwa pamba na sufi unahitaji pia ya kusokotea, kijiti chenye kizito chini, unaizungusha huku mkono wa pili unavuta pamba kidogo kidogo.

Nguvu: ndo njia yenye nguvu kuliko zote hapa, khasa ukichukua nyuzi mbili zilizosokotwa upande mmoja ukazisokota pamoja kwa upande wa pili. Zinakabana, kila mmoja anataka kufunguka na mwenzake anamzuia, hivyo kamba inatulia haijikunji. Ukiona uzi wako unajipinda pinda usidhani umekosea, unataka mwenzake tu.

Maji: hapa hakuna wa kushindana nayo. Pamba ikilowa inazidi nguvu badala ya kupungua, na usumba kwenye maji ya chumvi unadumu sana. Mtepe, jahazi la kushonwa, mbao zake zilikuwa zinashikwa na kamba za usumba badala ya misumari, na zilikuwa zinasafiri. Hakuna mtu angeshona chombo kwa kamba ya gundi akakiingiza baharini na watoto wa watu ndani.

Ulaini: inategemea. Pamba ndefu inakupa uzi laini wenye nguvu. Fupi inakupa uzi wa kukwaruza.

Kazi: gharama ni karibu bure, lakini saa zinakwenda, na mkono unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Hilo lazima niliseme wazi maana watu wanakata tamaa siku ya pili wakidhani hawana kipaji. Uzi wa kwanza wa kila mtu una matumbo matumbo.

Hali ya hewa: haina neno, mende hawaili.

Kwa sufi tupu, kwa mkono, mie sikushauri, labda uwe na subira ya Ayubu. Ichanganye na pamba nusu kwa nusu kabla ya kusokota, pamba inaibeba sufi na uzi unatoka mwepesi wenye joto zuri. Njia hii inamfaa mtu anayetaka kitu cha kutumika kweli kweli, kivutwe, kifuliwe, kianikwe juani, na ana muda.

Njia ya 2: wanga

Hii ndo nnayoipenda kuizungumza maana ndo watu wanaidharau bila kuielewa.

Wazo ni kwamba unautanda utepe wa pamba mwembamba, unaupaka wanga mwepesi, unakauka, unakuwa uzi. Mwanzo nilidhani ni mchezo tu, baadae nkaja kujua kuwa Uholanzi taasisi ya utafiti ya TNO iliishughulikia kwa miaka mingi, walikuwa wanatia wanga mbichi kwenye utepe uliolowa, wanausokota kwa muda tu ili ushikane ukiwa mbichi, halafu msokoto unafunguka wenyewe, uzi unapigwa mvuke wanga unaiva na kugandisha. Finland nao kampuni ya Tampella ilikuwa na njia yake iliyoitwa Twilo, wao badala ya wanga wakichanganya kwenye pamba kiasi kidogo cha nyuzi maalumu zinazoyeyuka kwenye maji moto. Zote mbili zilifanya kazi. Kilichoziangusha ni moto, maana kukausha uzi uliolowa kunakula nishati nyingi, na tangu mwaka 1967 mashine za kusokota kwa kasi za Czechoslovakia zilishaingia sokoni na zilikuwa hazihitaji kulowesha kitu. Lakini sisi jua ni la bure, kwa hiyo sababu iliyowashinda wao si lazima itushinde sisi.

Namna nnayofanya: kijiko kimoja cha wanga wa muhogo kwa kikombe cha maji, koroga kwanza kwenye maji baridi usije ukapata madonge, halafu jikoni moto mdogo huku unakoroga mpaka rangi nyeupe ya maziwa iondoke iwe kama kioo, hapo umefika nyuzi joto 65 au 70 hivi. Uwe mwepesi kuliko uji wa mtoto. Tandaza utepe juu ya nailoni, gonga gonga na sponji, usipake kwa kuburuta utauvuruga. Halafu, na hii nimeiiba kwa Waholanzi, uviringishe kwa kiganja mara moja mbili ukiwa mbichi, unabana, maji yanaingia ndani, ndo uutande kwenye misumari miwili ukauke kivulini penye upepo. Kaskazi ikivuma saa moja umekauka, masika hata usihangaike.

Nguvu: ukiwa mkavu inashangaza. Uzi unakamata, unaweza kuufumia bila shida. Lakini ukipaka mzito unakuwa kama tambi mbichi, ukiukunja unavunjika. Tone la gilisalini kwenye wanga linalainisha, tone kweli si kijiko, ikizidi inavuta unyevu na uzi unanata mikononi.

Maji: hapa ndo penye maneno. Unaijua kanga mpya inavyokuwa ngumu na inavyolainika ukishaifua mara mbili tatu, ule ni wanga unaondoka. Uzi wako nao ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kanga wanga ukiondoka msokoto unabaki, wako wanga ukiondoka hakuna kilichobaki. Uzi wa wanga ukiulowesha peke yake unaachia. LAKINI, na hili ndo watu hawalijui, ukiufuma kwanza kwa kubana halafu ndo ukaufua, kitambaa chenyewe kinashika nyuzinyuzi mahali pake, kila uzi unabanwa na unaompita juu na chini. Wale wa TNO ndo walivyokuwa wanafanya. Gundi ni ya kuvushia tu mpaka kitambaa kikamilike.

Kwa hiyo mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandwa kwanza, fanya wa kusokotwa, ule ndo unaovutwa na kusuguliwa kwenye kitanda cha kufumia, halafu mshindio, ule unaopita katikati yake kwa upana, ndo uwe wa wanga. Fuma kwa kubana. Ukifuma wazi wazi kama wavu au ukifuma kwa sindano ya kroshia, ukiosha umepoteza kazi yako yote, mie imenitokea, kitambaa kizima cha meza kilitoka kwenye beseni kama mkate uliotiwa kwenye chai.

Ulaini: baada ya kufua, hakuna njia hapa inayoifikia. Nyuzinyuzi zimelala sambamba hazijabanwa, uzi unajitandaza bapa, unafunika nafasi vizuri, unang'ara na unanyonya maji haraka. Zile taulo laini sana wanazoziita taulo zisizo na msokoto zinatoka kwenye wazo hili hili, pamba inashikwa na uzi unaoyeyuka, taulo ikishafumwa inapitishwa maji moto, ule uzi unaondoka inabaki pamba iliyolegea.

Hali ya hewa: wanga ni chakula, na mende wanajua. Uzi uliokaa kabatini mwezi wa nne unaota madoa ya ukungu. Dawa ninayotumia ni tone mbili za mafuta ya karafuu kwenye wanga ukiwa unapoa, mafundi wa kufunga vitabu zamani wakifanya hivyo hivyo kwenye uji wao wa kubandikia. Ya makonyo (vikonyo vya karafuu) pia yanafaa na yanapatikana, Pemba yanatengenezwa pale Wawi. Yanasaidia lakini hayazuii milele, kwa hiyo tengeneza uzi unaotaka kuutumia mwezi huu.

Na sufi? Sufi peke yake wanga hauipendi, ile nta inakataa maji, unapaka yanabaki vitone juu. Ioshe kwanza na maji moto na sabuni, ianike, ndo ujaribu. Inakubali lakini si kama pamba.

Inamfaa mtu anayefuma kwa kubana, anayetaka ulaini, au anayetengeneza kitu kisicholowa kabisa kama mapambo ya ukutani. Na inamfaa mwalimu wa skuli anayetaka watoto wapate uzi siku ile ile.

Njia ya 3: gundi ya kubaki

Hapa nazungumzia mbili kwa pamoja, gundi nyeupe ya maseremala na utomvu wa mpira.

Kwanza nisafishe jambo moja linalowachanganya watu. Gundi nyeupe ya mbao inaitwa PVA na zile nyuzi zinazoyeyuka za viwandani nazo zinaitwa PVA, lakini si kitu kimoja. Ya fundi ni polivinili asetati, ikikauka imekauka, maji yanailainisha na kuifanya nyeupe lakini haiyeyuki ikaondoka. Ya viwandani ni polivinili alkoholi, hiyo ndo inayoyeyuka. Usinunue kopo la gundi ya mbao ukitegemea itatoka kwenye kufua.

Nguvu: gundi nyeupe ukiipunguza kwa maji nusu kwa nusu inakupa uzi imara kuliko wa wanga. Utomvu unakupa uzi unaovutika na kurudi.

Maji: gundi nyeupe inavumilia kulowa kwa bahati mbaya, haivumilii kufuliwa kila wiki. Utomvu unavumilia zaidi. Kule viwandani kuna magodoro ya usumba uliopuliziwa utomvu wa mpira, nyuzinyuzi zinashikana bila kusokotwa wala kushonwa, kwa hiyo usumba na mpira ni ndoa ya siku nyingi. Na huku kwetu mashamba ya mipira yapo Unguja na Pemba.

Ulaini: ndo pabaya. Gundi nyeupe inaacha uzi kama plastiki, haunyonyi maji wala jasho. Utomvu ambao haukupikwa kiwandani unabaki kunata, vumbi lote la njia linahamia kwenye uzi.

Hali ya hewa: mende hawaigusi, hiyo faida. Lakini mpira na jua hawapatani, ukianikwa juani muda mrefu unapasuka na kuvunjika vunjika. Na utomvu una harufu, khasa ule uliotiwa amonia usigande, fanyia uani si ndani, na kuna watu ngozi zao zinaukataa, mkono ukiwasha acha usijilazimishe.

Inamfaa nani? Mtu anayetengeneza vikapu vya mapambo, mikeka midogo ya kuwekea sufuria, vitu vya kuuza kwa wageni ambavyo havitafuliwa. Makombo mafupi ya usumba ambayo hayapoteki ndo hapa pake khasa, wanga hauyashiki vizuri maana ni manene na magumu, gundi inayashika.

Njia ya 4: uzi mwembamba katikati

Hii ni ya ujanja na haina maneno mengi. Unachukua uzi wa cherehani, unaupitisha kwenye gundi nyepesi au wanga, halafu unauviringisha juu ya pamba au sufi iliyochambuliwa, nyuzinyuzi fupi zinaushika pande zote. Nguvu inabebwa na uzi wa ndani, zile fupi kazi yake ni unene na sura tu. Kanada kulikuwa na njia ya kiwanda ya namna hii iliyoitwa Bobtex.

Ukiwa mkavu haukatiki kwa sababu uzi wa ndani haukatiki. Ukilowa, wanga unaachia manyoya yanatoka lakini uzi unabaki, na ukitumia gundi nyeupe manyoya yanabaki zaidi. Kwenye kusuguliwa ni dhaifu, mkoba unaogusa nguo kila siku utanyonyoka. Kazi ni nyepesi, mtoto anaweza, gharama ni ile rola ya uzi. Sufi hapa inapendeza sana, kwa sababu ule wepesi wake unabaki na hauulizwi nguvu. Inamfaa mwenye kutengeneza mapazia ya kutundika, maua, wanasesere.

Sasa wewe uko wapi

Nilimwonesha bibi mmoja wa Bwejuu uzi wangu wa wanga, akauvuta, akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza, "Hii mwanangu ukiitia baharini?" Nkamwambia inaachia bibi. "Basi hii ya kabatini." Akanirejeshea. Swali lake ndo la kuanzia nalo kila mara, uzi huu utalowa au hautolowa, na ukilowa kuna kitu kingine cha kuushika?

Kama ni kamba ya mwani, ya ngalawa, ya kufungia mbuzi, ya kuanikia nguo: sokota, usipoteze muda na gundi yoyote.

Kama ni utambi wa taa: pamba iliyosokotwa kwa kulegeza. Wanga na gundi vinaziba njia ya mafuta na vinaungua vibaya.

Kama unafuma kitambaa cha kubana na unataka kiwe laini, una pamba fupi na kitanda cha kufumia: mtande wa kusokotwa, mshindio wa wanga, halafu ufue kwa upole mara ya kwanza bila kusugua.

Kama unafuma kwa kroshia au sindano: sokota, au tumia njia ya uzi wa katikati kwa vitu visivyofuliwa. Wanga peke yake usiuguse.

Kama una makombo ya usumba: gundi nyeupe kwa vitu vya ndani, utomvu kwa vinavyopata unyevu lakini si jua.

Kama una sufi tu na huna pamba: uzi wa katikati. Ukipata pamba japo kidogo, changanya usokote.

Kama huna uhakika, fanya uzi wa urefu wa pima moja kwa kila njia unayoifikiria, usubiri ukauke usiku mzima, fungia chupa ya maji ya nusu lita uninginize. Ikikaa, uingize uzi kwenye beseni robo saa halafu ninginiza tena. Utaona mwenyewe upi unabaki na upi unaachia, na itakugharimu asubuhi moja badala ya gunia zima.